Niliomba uzamili wa sanaa katika vyuo vitano: je, nilipe amana au niendelee kusubiri?

"Mimi ni mwanamke wa miaka 28, naishi Buruburu, Nairobi. Nilihitimu shahada ya kwanza ya sanaa miaka mitano iliyopita, na tangu hapo nimekuwa nikishona picha kubwa kwa magunia na vitambaa vya mitumba ninavyonunua Gikomba. Desemba na Januari niliomba nafasi ya MFA, yaani shahada ya uzamili wa sanaa, katika vyuo vitano, vinne vya Marekani na kimoja cha London. Kimoja kimenikataa. Kimoja kimeniweka katika orodha ya kusubiri. Kimoja kilinihoji kwa video mapema Februari, mazungumzo yakaenda vizuri, na sasa ni wiki ya sita sijasikia neno. Kile cha London kimenyamaza tangu mwanzo. Cha tano, cha Marekani, kimenikubali bila ufadhili. Gharama yote wameikadiria dola 72,000 kwa mwaka, na wanataka amana ya dola 500 isiyorudishwa kabla ya Aprili 1 kwisha. Rafiki yangu anasema hakuna chuo cha Marekani kinachoweza kunilazimisha kujibu kabla ya Aprili 15. Mjomba wangu yuko tayari kuweka shamba rehani na kuitisha harambee, kwa kuwa anaamini nafasi kama hii haiji mara mbili, na kwamba nikifika huko nitafanya kazi nijilipie. Silali vizuri, naamka usiku kutazama barua pepe, na tangu Januari sijashona hata kipande kimoja. Je, kimya hiki ni njia ya kunikataa? Je, nilipe?"

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu imebeba maswali mawili uliyoyafunga kwa kamba moja. La kwanza ni la kimya: unataka kujua kama walimu wale wameishaipima kazi yako wakaiona pungufu. La pili ni la fedha: unataka kujua kama uishike nafasi uliyo nayo mkononi kabla haijaponyoka. Hofu ya swali la kwanza ndiyo inayokusukuma ulijibu la pili kwa haraka, nami ningependa tuyafungue moja baada ya jingine. Lakini kwa kuwa Aprili 1 iko karibu, nitakupa msimamo wangu mapema: kimya cha chuo kilichokuhoji bado hakijawa jibu, na amana ile usiilipe mpaka uwe na maandishi yanayoonyesha fedha za mwaka wako wa kwanza zitatoka wapi.

Nimeketi katika kamati za udahili kama mwalimu mgeni, na kwa miaka mingi nimewasaidia wasanii wa Nairobi kuandaa maombi yao, kwa hiyo niruhusu nikueleze kinachotendeka ndani ya chumba kile usichokiona. Programu ya uzamili wa sanaa haidahili watu kama kozi za ukumbi wa mihadhara. Idadi ya wanafunzi huamuliwa kwanza na kuta za jengo, maana kila mwanafunzi hupewa studio yake, na idara yenye studio 12 za mwaka wa kwanza haiwezi kuchukua watu 13 hata kama huyo wa kumi na tatu ndiye hodari kuliko wote. Baada ya kuta huja walimu: mtu anayeshona magunia anahitaji mwalimu anayekijua kitambaa, na kama mwalimu huyo yuko likizoni mwaka huo, au tayari ana wanafunzi wa kutosha, maombi mazuri huwekwa kando bila kosa lolote la mwombaji. Mwisho huja fedha, kwa sababu nafasi za wasaidizi wa kufundisha huhesabiwa moja moja, na mara nyingi idara haijui zitakuwa ngapi mpaka Machi imekolea.

Picha zako 15 au 20 hutazamwa kwenye skrini, mara ya kwanza kwa haraka inayoumiza moyo ukiiona, kisha kwa utulivu na mabishano marefu kwa wale waliobaki. Wachache huitwa mahojiano kati ya Februari na mwanzo wa Machi. Baada ya hapo kamati huwapa ofa watu wa kundi la kwanza, nao hupewa muda wa kujibu, kwa kuwa wengi wao wameomba vyuo vingine pia. Hapo ndipo kimya huzaliwa. Chuo hakiwezi kukuambia ndiyo, kwa maana studio imeshaahidiwa mtu mwingine, wala hakitaki kukuambia hapana, kwa maana mtu huyo anaweza kuikataa kesho. Hata pale idara imekwisha kuamua, barua rasmi hutolewa na ofisi nyingine ya chuo, na mwalimu aliyekuhoji kwa kawaida haruhusiwi kukudokezea kabla barua hiyo haijatoka.

Sitakuficha upande wa pili. Ukihojiwa mapema Februari na wiki sita zikapita, uwezekano mkubwa ni kwamba hukuwa katika kundi la kwanza, kwa sababu ofa za kundi hilo huwa zimetoka kufikia katikati ya Machi. Hilo si sawa na kukataliwa. Wanaokataliwa baada ya mahojiano pia hupelekewa barua, na wewe hujapata. Uko katikati, mahali ambapo jibu lako linategemea watu usiowajua, ambao huenda usiku huu wanaulizana na familia zao kama waende chuo hiki au kile.

Je, uwaandikie? Ndiyo, mara moja, na umwandikie mratibu wa programu badala ya kila mwalimu aliyekuwa kwenye mahojiano. Barua iwe fupi: uwashukuru kwa mazungumzo ya Februari, uwaeleze kwamba una ofa nyingine inayotaka jibu kufikia Aprili 1, kisha uulize kama uamuzi wao umefanyika au utafanyika lini. Kutaja ofa nyingine si vitisho wala majivuno. Ni taarifa inayowasaidia kupanga orodha yao, na wapo waratibu ambao huharakisha faili kwa sababu hiyo pekee. Ukiwa kweli unakipenda chuo hicho kuliko vyote, sema hivyo. Kama si kweli, usiseme, maana walimu wa sanaa wanafahamiana na hujadiliana.

Orodha ya kusubiri nayo inaeleweka vibaya sana hapa kwetu, ambako tumezoea kuambiwa "tutakupigia" na simu isilie kamwe. Kwa MFA, orodha hiyo ni chombo kinachotumika kweli. Lakini mara nyingi haifuati namba kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mchongaji akijitoa, wanaweza kumtafuta mchongaji mwingine, na mtu wa vitambaa akijitoa, jina lako linasogea hata kama juu yake kuna wachoraji watatu. Husogea zaidi siku zinazozunguka Aprili 15, kisha tena Mei na Juni pale mtu anaponyimwa viza au fedha zake zinapokwama. Waulize mambo matatu: kama orodha ina mpangilio, kama nafasi ikipatikana itakuja na ufadhili, na orodha inafungwa lini. Waambatishie picha mbili au tatu za kazi mpya, ikiwa unayo, nami nitalirudia jambo hilo.

Kuhusu chuo kilichokukataa nitasema machache, kwa sababu sijaona potifolio yako, yaani zile picha za kazi ulizowatumia, na sitaki kubahatisha. Kukataliwa na chuo kimoja hakunifundishi lolote kuhusu kazi yako. Hata hivyo nimeona kosa moja likijirudia kwa watu wanaotumia magunia na vitambaa: kazi hupigwa picha usiku chini ya taa ya tubu, na uso wote wa nyuzi, mishono na rangi zilizochujuka hugeuka ukuta wa kahawia. Itoe nje mnamo saa tatu asubuhi, uitundike kivulini, upige picha ya kazi nzima, nyingine ya karibu inayoonyesha mshono, na nyingine mtu akiwa amesimama kando yake ili ukubwa uonekane. Kama hukufanya hivyo mara hii, fanya sasa, kabla ya kuanza kuitilia shaka kazi yenyewe.

Cha London hakifuati kalenda ya Marekani, na kimya chake cha sasa hakina maana yoyote unayoweza kuisoma. Subiri, na ukifika Mei bila neno, uliza.

Sasa nije kwa rafiki yako na Aprili 15, kwa sababu amekuambia nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaweza kukugharimu. Baraza la Shule za Uzamili la Marekani lina azimio ambalo vyuo vingi vimelitia sahihi, linalosema kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa yenye ufadhili halazimiki kuijibu kabla ya Aprili 15. Zingatia maneno hayo: ofa yenye ufadhili, na chuo kilichotia sahihi. Ofa yako haina ufadhili, kwa hiyo azimio halikulindi, na shule nyingi za sanaa zinazojitegemea hupanga tarehe zao zenyewe. Unachoweza kufanya ni kuomba. Waandikie wiki hii uwaombe wakuongezee muda hadi Aprili 15, na katika barua hiyo hiyo uulize kama kuna msaada wa karo au nafasi ya usaidizi wa kufundisha inayoweza kupatikana waliotangulia wakijitoa. Nimeona fedha zikipatikana namna hiyo, si kila mara, lakini kwa kiasi cha kunifanya nimkataze mtu yeyote kulipa kabla hajauliza. Kumbuka pia kwamba saa tano na dakika 59 usiku wa Aprili 1 katika New York ni saa kumi na mbili na dakika 59 asubuhi ya Aprili 2 hapa Nairobi, kwa hiyo chunguza wanatumia saa za wapi.

Kuhusu fedha nitakuwa mrefu, maana hapa ndipo nimewaona vijana wengi wakiumia. Dola 72,000 kwa kiwango cha shilingi 129 ni shilingi 9,288,000 kwa mwaka, na MFA nyingi za Marekani ni za miaka miwili, hivyo unatazama zaidi ya shilingi milioni 18.5. Ukilinganisha na kiasi hicho, amana ya shilingi 64,500 inaonekana ndogo, na udogo huo ndio mtego wake. Amana haikununulii viza. Ili uombe viza ya F-1, ambayo ni ya wanafunzi, chuo lazima kikupe hati iitwayo I-20, na hakitakupa mpaka uonyeshe kwa maandishi kwamba gharama ya mwaka wa kwanza ipo: benki, mfadhili, au barua ya chuo chenyewe. Ndipo ulipe dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na ada ya viza yenyewe, kisha uende ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri kwa mahojiano ambamo afisa atakuuliza fedha hizo hizo zilitoka wapi. Mtu asiye na ushahidi wa fedha hukwama kabla hajafika dirishani.

Nakuambia haya kwa uchungu wa mtu aliyeyapitia. Nikiwa na umri kama wako nililipa amana katika chuo kimoja cha ng'ambo kwa fedha za chama cha mama yangu, kisha nikashindwa kuonyesha fedha za mwaka, na nafasi ikaenda pamoja na amana. Mama hakunilaumu hata siku moja. Ilinichukua miezi kumi na minne kuzirudisha, na katika miezi hiyo nilifanya kazi za mabango tu, bila kugusa kazi yangu mwenyewe.

Mjomba wako anakupenda, na hilo linaonekana katika kila neno ulilomnukuu. Lakini matumaini yake kwamba utafanya kazi ujilipie hayalingani na sheria. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na katika mwaka wa kwanza haruhusiwi kuajiriwa nje ya chuo. Hata ukilipwa dola 15 kwa saa, na ukafanya kazi saa zote hizo kwa wiki 30, utapata dola 9,000 kabla ya kodi. Ni fedha ya chakula. Uingereza nako kuna kizuizi ambacho wasanii hawakitarajii: viza ya mwanafunzi inakataza kujiajiri, na kuuza kazi zako mwenyewe kama biashara kunaweza kuhesabiwa hivyo. Ukipata nafasi London, iulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hujauza hata kipande kimoja.

Shamba ni jambo la wakili, wala si la mtaalamu wa sanaa, na ningeomba msilifanye kwa mazungumzo ya jioni. Ardhi ya kilimo iliyo chini ya udhibiti haiwekwi rehani bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na kama ni makao ya ndoa, idhini ya mke inahitajika. Tena wako watoto wa mjomba, ambao huenda hawajaulizwa. Harambee kwa upande wake inaweza kukusanya sehemu ya mwaka wa kwanza, lakini mwaka wa pili utakukuta ugenini, na waliochanga watakuwa wameshachanga.

Anaposema nafasi haiji mara mbili, hapo hakika amekosea. Kamati huona majina yale yale yakirudi mwaka wa pili na wa tatu, na mwombaji anayerudi na kazi iliyokua hutazamwa kwa heshima. Waulize pia waliokukubali kama wanaruhusu kuahirisha kwa mwaka mmoja. Programu nyingi za MFA haziruhusu, kwa kuwa darasa hupangwa kama kundi, lakini swali halina gharama.

Ikiwa majibu yote yatakuwa mabaya, bado kuna milango ambayo sidhani uliibisha. Mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alihitimu mwaka 2010 katika Royal Academy Schools ya London, programu ya miaka mitatu isiyotoza karo. Shule ya sanaa ya Städelschule, Frankfurt, haitozi karo, na akademia nyingi za umma za Ujerumani vilevile, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalowatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Gharama ya Ujerumani iko katika lugha, ambayo akademia nyingi huidai, na katika fedha za kujikimu ambazo mwombaji viza huziweka katika akaunti maalumu ya benki, kiasi ambacho kilipandishwa hadi euro 11,904 kwa mwaka mnamo 2024, karibu shilingi milioni 1.8. Ni mzigo, lakini si wa tabaka moja na milioni tisa. Shule ya sanaa ya Michaelis, Cape Town, hutoa MFA, na kwa kuwa mwaka wao wa masomo huanza Februari, mtu aliyekataliwa Aprili bado ana muda wa kuomba mwaka huu huu. Karibu zaidi kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, na shule ya sanaa ya Margaret Trowell kule Makerere, Uganda. Udhamini wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ambao wengi hunitajia, hulipia uzamili wa mwaka mmoja na hudai urudi nyumbani kwa miaka miwili, kwa hiyo haufai kwa MFA ya miaka miwili. Usipoteze muhula ukiupangia.

Hukuniuliza kama unaihitaji shahada hii, lakini ningefanya kosa nisipoligusa. Msanii Mkenya Wangechi Mutu alipata MFA ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2000, na bila shaka ilimfungulia mengi. Mwenzake Cyrus Kabiru hakupitia shule ya sanaa, na miwani ya kisanaa anayoiunda kwa vitu vilivyotupwa imeonyeshwa duniani kote. Shahada hununua miaka miwili ya studio, wakosoaji makini na marafiki wa kazi. Kama lengo lako ni kufundisha chuo kikuu hapa Kenya, fahamu kwamba MFA, ambayo Marekani ni shahada ya mwisho ya fani hii, hapa huhesabiwa kuwa uzamili, na vyuo vyetu huwadai wahadhiri uzamivu. Zungumza na mkuu wa idara moja hapa kabla hujaweka milioni 18 juu ya lengo hilo.

Mwisho nije kwako mwenyewe, kwa sababu sentensi iliyonishtua zaidi katika barua yako ni ile ya kutoshona tangu Januari. Ofisi za New York hufunguliwa saa kumi jioni kwa saa zetu msimu huu na kufungwa saa sita usiku. Za California hufungwa saa tisa usiku. Ndiyo maana unaamka. Tazama barua mara moja saa tatu usiku na mara moja asubuhi, na simu ilale chumba kingine, maana hakuna ofa inayopotea kwa kusomwa saa kumi na mbili alfajiri. Chukua gunia dogo, la ukubwa wa mto, ulishone bila kulipangia potifolio. Ikiwa usingizi hautarejea ndani ya wiki mbili, au ukianza kuona kwamba maisha hayana maana bila barua hiyo, tafadhali usiningojee mimi. Nenda kituo cha afya ukamwone daktari au mshauri nasaha ana kwa ana, na umwambie mama au dada kwamba unakwenda.

Kwa mambo ya I-20 na ufadhili, tafuta miadi na washauri wa EducationUSA katika ubalozi wa Marekani, ambao ushauri wao ni wa bure, ukiwa umebeba barua zako zote zilizochapishwa. Wakala yeyote anayekuahidi nafasi au viza kwa malipo, mwache aende zake.

Barua tatu uziandike kabla ya Ijumaa: kwa mratibu wa chuo kilichokuhoji, kwa waliokuweka kwenye orodha, na kwa waliokukubali. Wakikujibu, niletee maneno yao yenyewe jinsi yalivyoandikwa, hasa ile aya ya fedha, nasi tutapiga hesabu upya pamoja.